Mrejesho: diski ya NVMe iliyokuwa ikipotea kompyuta ikitulia

Tatizo lilikuwa hili: kompyuta ikikaa dakika chache bila kazi, diski inatoweka na logi inaandika `controller is down; will reset: CSTS=0xffffffff`. Limekwisha. Mchawi ni L1.2, yaani usingizi mzito wa kuokoa umeme wa kiungo cha PCIe, njia inayounganisha diski na kompyuta.

Ushauri wa kuweka `pcie_aspm=off` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli ya Linux haukufaa, na sababu inachekesha kidogo: `off` haizimi ASPM (mfumo unaolaza viungo vya PCIe). Inaiambia kerneli isiguse chochote, hivyo mipangilio ya BIOS inabaki vilevile. Mbaya zaidi, inaficha hata mafaili ya kurekebishia. Ondoeni hiyo kwanza.

`pcie_aspm.policy=performance` ilitibu, ila inazima usingizi wa viungo vyote na betri ndiyo inayolipa. Kosa liko kwenye kiungo kimoja tu, kwa hiyo zima L1.2 hapo tu:

`echo 0 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/link/l1_2_aspm`

Anwani ya diski yako (hapa ni `0000:01:00.0`) itafute kwa `lspci`. Kisha `sudo lspci -vv -s 01:00.0`: mstari wa L1SubCtl1 uonyeshe `ASPM_L1.2-`, huku `ASPM_L1.1+` ikibaki. L1.1, usingizi mwepesi zaidi, haisumbui kwa sababu volteji ya msingi ya laini haikatwi, kwenye L1.2 inakatwa, na kifaa kikitangaza muda mfupi kuliko kinaohitaji kuamka, kiungo hakirudi.

Ili idumu baada ya kuwasha upya, weka ndani ya `/etc/tmpfiles.d/nvme.conf`:

`w /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/link/l1_2_aspm - - - - 0`

Ukiongeza kadi nyingine, hakiki anwani tena. Namba ya basi (`01` kwenye anwani) huweza kuhama.