Tupeane uzoefu: Bajeti, leseni na huduma kwenye halmashauri za wilaya, mambo hukwama wapi?

Choroko Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Tanzania Bara ina halmashauri 184, na nyingi ni za wilaya, yaani za vijijini. Huko mapato ya ndani ni ushuru wa mazao, mnada wa ng'ombe, soko la wiki na leseni za maduka. Zinazobaki ni ruzuku kutoka Hazina.

Uzi huu ni wa wanaojua mambo ya ndani: watendaji, wahasibu, madiwani wa zamani, walimu wakuu, wenye biashara. Lawama zina nyuzi zake. Hapa weka hatua, kiasi, karatasi inayotakiwa, panapokwama na sababu. Tuanze na bajeti.

Mzee wa Kasma

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Wanakijiji wengi huanza kuulizia bajeti Mei au Juni, wakati huo imeshafungwa zamani. Dirisha la kijiji ni miezi ya mwisho wa mwaka wa kalenda. Anayetaka kitu kianze kujengwa Julai apeleke ombi Oktoba ya mwaka uliotangulia.

Njia ni hii. Vitongoji vinaibua mahitaji kwa utaratibu wa fursa na vikwazo, ule wa O&OD. Halmashauri ya kijiji inapanga vipaumbele, mkutano mkuu wa kijiji unapitisha, kisha muhtasari unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kata inaunganisha vijiji vyake na kupeleka wilayani. Hapo wakuu wa idara wanaingiza kwenye mfumo wa PlanRep, timu ya menejimenti inachuja, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inapitia, na Baraza la Madiwani linapitisha, mara nyingi Januari au Februari. Baada ya hapo ni mkoa, TAMISEMI, Wizara ya Fedha na mwisho Bunge.

Maombi mengi hufia katani. Sababu yenyewe ni ya kijinga: muhtasari unasema "wananchi wanaomba zahanati". Afisa mipango hawezi kuingiza hilo kwenye PlanRep, maana mfumo unataka shughuli, kipimo, gharama na chanzo cha fedha. Andikeni hivi: kumalizia boma la zahanati, jengo moja, limefika usawa wa lenta, nguvu za wananchi zilizotumika ni shilingi kadhaa, kinachoombwa ni kupaua, lipu, sakafu na milango. Ambatisha makadirio ya mhandisi na muhtasari wa kijiji kutoa eneo. Ombi la namna hiyo hata diwani akiwa mkimya linajisemea.

Nyuki Mdogo

Shikamoo mzee. Nimesikia mara nyingi "ukomo umebana", yaani kiwango cha juu cha bajeti. Ukomo unapangwa na nani, na madiwani wanaweza kuupandisha?

Mzee wa Kasma

Marahaba. Ukomo wa ruzuku unatoka juu pamoja na mwongozo wa bajeti, Baraza haliugusi. Wanachoweza kukipandisha ni makisio ya mapato ya ndani, na hapo ndipo panapoharibika. Kata kumi zinataka miradi, basi makisio ya ushuru wa mazao yanavutwa juu ili kila diwani arudi na kitu. Karatasi inapendeza. Mvua ikikataa au bei ya zao ikianguka, fedha haziji, na miradi iliyo chini ya orodha haipati hata senti ingawa "ipo kwenye bajeti". Kwa hiyo usiulize tu kama mradi umepitishwa. Uliza umewekwa kwenye chanzo gani. Mradi ulio kwenye mapato ya ndani unategemea makusanyo ya robo hiyo.

Kuhamisha fedha toka kasma moja (fungu la matumizi) kwenda nyingine kunawezekana, ila kuna utaratibu na vibali vyake. Mkurugenzi hawezi kuamua akiwa ziarani kwamba ya madawati yaende kwenye choo.

Risiti Mkononi

Niongezee kwenye mapato, maana bajeti bila makusanyo ni hadithi.

Ushuru wa mazao hauzidi asilimia 3 ya bei ya shambani, na anayepaswa kulipa ni mnunuzi. Tuchukue mfano wa gunia la kilo 100 la mahindi yaliyonunuliwa shilingi 600 kwa kilo. Thamani ni 60,000, ushuru hauzidi 1,800. Ukiombwa 5,000 kwa gunia hilo, aliyekuomba anapiga hesabu kwa kichwa chake. Halafu tangu 2017 serikali ilielekeza kwamba mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine usitozwe. Magunia manane ya mkulima anayepeleka mashineni hayana ushuru.

Ushuru wa huduma ni asilimia ndogo ya mauzo ghafi baada ya kuondoa VAT na ushuru wa bidhaa; kwa miaka mingi kiwango kilikuwa 0.3. Kwa kiwango hicho mauzo ya milioni 40 kwa mwaka yalizaa 120,000. Huo ni tofauti kabisa na ada ya leseni. Wenye maduka wengi huuchanganya, wanadhani wakishalipa leseni wamemaliza.

Sasa fedha zinavuja wapi? Malipo makubwa yanapita kwenye namba ya malipo, hayo huwa salama. Tatizo liko kwenye POS, mashine za kukusanyia ushuru, za minadani na kwenye mageti. Mashine inaweza kutoa risiti ikiwa nje ya mtandao, kwa hiyo mkusanyaji anaweza kukaa siku kadhaa bila makusanyo yake kuonekana kwenye mfumo. Katikati hapo fedha ziko mfukoni. Ya pili ni fedha mbichi: mtendaji anakusanya, anapata dharura ya mafuta ya pikipiki au posho ya kikao, anatumia kabla ya kupeleka benki. Hata kama matumizi yalikuwa halali, ni hoja ya ukaguzi moja kwa moja, kwa sababu fedha hazikuingia kwenye akaunti kwanza.

Mhasibu mzuri hasubiri mwisho wa mwezi. Anachukua idadi ya vibali vya mifugo vilivyotolewa mnadani na kulinganisha na risiti za POS za siku hiyo hiyo. Ng'ombe 140 wana vibali, risiti ni 95: hapo una mtu wa kumwita ofisini kabla ya jua kuzama. Halmashauri isiyofanya ulinganisho huu inakuja kusomewa madeni ya wakusanyaji na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, mwaka mmoja baadaye, wakati wakala wa ushuru ameshahama mkoa.

Dada Kaunta

Leseni sasa.

Kwanza jua uko kundi gani. Biashara za kundi A leseni zake zinatolewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kundi B ni halmashauri: maduka ya rejareja, migahawa, mafundi, vifaa vya ujenzi na kadhalika. Maombi ya kundi B yanafanyika kwenye mfumo wa TAUSI. Unajisajili kwa namba ya NIDA, unaweka TIN, uthibitisho wa kodi kutoka TRA, na mkataba wa pango au uthibitisho wa umiliki wa eneo. Afisa biashara anakagua, unapata namba ya malipo, unalipa, leseni inatoka.

Panapokwama:

Majina. NIDA inasoma jina kwa herufi moja, TIN kwa nyingine. Mfumo hauna huruma. Sahihisha TRA kabla ya kugusa TAUSI.

Aina ya biashara kwenye TIN. Ulisajili duka la nguo, leo unaomba leseni ya pembejeo. Nenda TRA uongeze biashara kwanza.

Maeneo mawili. Leseni ni kwa eneo na kwa aina ya biashara. Ukifungua tawi kijiji cha pili, hilo linataka leseni yake. Kutundika kivuli cha leseni ya duka la kwanza hakusaidii siku ya ukaguzi.

Leseni ya biashara pia haimalizi vibali vingine. Duka la dawa muhimu liko chini ya Baraza la Famasi. Chakula na vipodozi vilitoka iliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) kwenda TBS (shirika la viwango) mwaka 2019, na bado kuna wazee wa maduka wanaotafuta ofisi ya zamani. Vileo vina leseni yake inayojitegemea, na mtu wa baa asidhani ya mgahawa inamkinga. Afisa afya naye anataka kuona choo, maji na vyeti vya afya vya wahudumu.

Ushauri mmoja kwa walio mbali na makao makuu: mtandao ukisumbua, nenda kwa mtendaji wa kata au afisa biashara akusaidie kuingiza maombi, lakini namba ya simu kwenye akaunti iwe yako. Ukiweka ya kijana wa stationery, mwakani hutaweza kuingia kwenye akaunti yako mwenyewe.

Bati Geji 28

Kwenye huduma watu wanapoteza muda kwa kupeleka malalamiko mlango usio wao. Barabara za wilaya ziko TARURA tangu 2017. Maji vijijini yako RUWASA tangu 2019. Wote wana mameneja wao wilayani, hawako chini ya mkurugenzi wa halmashauri. Diwani anaweza kuwahoji kwenye Baraza, lakini bajeti ya kalavati lako haimo kwenye kitabu cha halmashauri. Andika barua kwa meneja, nakala kwa mkurugenzi.

Kilichobaki mikononi mwa halmashauri ni shule, afya ya msingi, kilimo na mifugo, maendeleo ya jamii, masoko.

Shule: mpango wa elimu bila ada ulipoanza 2016 ruzuku ya shule za msingi iliwekwa 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 zikabaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikaenda shuleni. Ni shilingi 500 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho shule ya wanafunzi 420 inapata 210,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, michezo. Mzazi anayeuliza kwa nini mwalimu mkuu hajajenga darasa kwa ruzuku hiyo apige hesabu mwenyewe. Takwimu za wanafunzi zisipohuishwa, shule inalipwa kwa idadi ya zamani.

Ujenzi mwingi unafanyika kwa fosi akaunti: fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule au zahanati, wanatafutwa mafundi wa kawaida, na kamati tatu zinaundwa, yaani ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ya vifaa. Usimweke mtu mmoja kwenye kamati mbili. Aliyenunua saruji hawezi kuwa ndiye aliyehesabu mifuko ikishushwa.

Manunuzi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Huku vijijini mwenye duka la vifaa mara nyingi hajasajiliwa humo, fedha zinakaa wiki mbili tatu zikisubiri mzabuni. Mwalimu mkuu mjanja huwasajilisha wenye maduka wawili watatu kabla fedha hazijaingia. Awaambie mapema pia kwamba serikali inakata kodi ya zuio asilimia 2 kwenye bidhaa. Asipoambiwa, atakuja kudai siku ya malipo kwamba ameibiwa.

Kuhusu maboma: mwiteni mhandisi akague msingi *kabla* ya kumwaga zege. Boma lililojengwa kwa nguvu za wananchi bila mhandisi linaweza kukataliwa kupigwa bati, na jasho lote linabaki ukuta wa kufungia mbuzi.

Mganga Njaa

Naunga mkono, na niongeze la zahanati. Jengo lenyewe halitoshi kufunguliwa. Wanataka choo, kichomea taka, shimo la kondo la nyuma, maji, na ni vizuri nyumba ya mtumishi iwepo. Vijiji vinamaliza jengo la wagonjwa na kusherehekea, kisha kufuli linakaa mlangoni.

Hata vyote vikikamilika kuna ikama, yaani idadi ya watumishi inayoruhusiwa. Watumishi wapya wanaombwa kwenye bajeti ya mishahara. Kama jengo linatarajiwa kuisha Machi, ombi la muuguzi na tabibu lilipaswa kuingia kwenye bajeti iliyopita. Usipofanya hivyo utaazimwa muuguzi mmoja toka kijiji jirani, siku mbili kwa wiki.

Choroko Kavu

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi nayo?

Risiti Mkononi

Wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, bila riba. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Asilimia hiyo haipigwi kwenye makusanyo yote, mapato lindwa kama michango ya wagonjwa yanaondolewa kwanza. Ndiyo maana hesabu za mitaani hazilingani na za mweka hazina. Vikundi huanguka kwenye mchujo kwa katiba ya kunakili na andiko lisilo na mchanganuo. Anayeandika "ufugaji wa kuku, milioni 10" bila idadi ya vifaranga, chakula na soko anarudishwa kwa afisa maendeleo wa kata.

Mzee wa Kasma

Jambo la Juni lisisahaulike. Fedha za maendeleo zisizotumika hadi Juni 30 haziko tena mikononi mwenu, inabidi kuomba bakaa (fedha zilizobaki) irudishwe, na mnaweza kusubiri robo nzima. Ruzuku ikiingia Mei, kamati zikutane wiki hiyo hiyo. Lakini msilipe fundi kazi ambayo hajaifanya ili kuwahi tarehe. Malipo bila kazi ni hoja nzito kuliko bakaa.

Nyuki Mdogo

Mzee, na mwananchi wa kawaida aulize nini kwenye mkutano mkuu?

Mzee wa Kasma

Mkutano ni kila miezi mitatu, na mapato na matumizi lazima yasomwe. Omba taarifa ya benki ya kipindi hicho isomwe sambamba na daftari la fedha. Salio la mwisho la robo iliyopita lifanane na la kuanzia robo hii. Michango yote ionekane imeingia benki kabla ya kutumika.

Na ukitozwa kitu kipya, uliza sheria ndogo. Ya kijiji lazima iwe imepitishwa na Baraza la Madiwani. Ya wilaya imesainiwa na waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, ina namba ya tangazo. Mtoza ushuru akishindwa kuitaja, mwanasheria wa halmashauri ana nakala ofisini, nenda ukaisome.