Ziara ya siku moja Lisbon na mwongoza watalii: ya miguu, ya bajaji au ya binafsi?

Mtoto wa Pwani (mleta mada)

Heshima kwenu wanajamvi.

Mwezi ujao nitakuwa na siku moja tu ya kuutembelea mji wa Lisbon, Ureno, na sitaki kuipoteza kwa kuzurura na ramani ya simu. Nimeamua kutembezwa na mtu anayeujua mji, lakini matangazo ni mengi mno, na baada ya kuyachuja nimebakiwa na machaguo matatu. La kwanza ni ziara ya miguu ya saa tatu hivi isiyo na bei maalumu, ambayo mwisho wake kila mtu hutoa bakshishi kadiri alivyoridhika. La pili ni bajaji za watalii zinazopanda vilima vya mji mkongwe na kuteremka hadi mtaa wa Belém. La tatu ni mwongozaji binafsi wa siku nzima, ambaye gharama yake inazizidi hizo mbili kwa mbali.

Aliyewahi kufika huko anishauri ni ipi inayolingana na fedha yake. Naomba kuwasilisha.

Mwanamvita

Ndugu mleta mada, swali lako ni zuri ila halijibiki hivi lilivyo. Hujasema utakuwa na nani, utafika siku gani ya juma, una saa ngapi kabla ya kuondoka, wala ni kitu gani hasa unachotaka kukiona. Lisbon ni mji wa vilima, na Belém iko umbali wa kilomita sita hivi magharibi ya katikati ya mji, kwa hiyo anayetaka vyote viwili kwa siku moja ni lazima apange. Tupe maelezo hayo kwanza ndipo tukushauri.

Binti Rufiji

Wakati tukisubiri maelezo, mimi nasimama na ziara ya miguu. Niliifanya miaka miwili iliyopita, tukaanzia uwanja wa Rossio, na kwa saa tatu nilijifunza mambo ambayo nisingeyapata nikiwa ndani ya gari. Mwongozaji wetu, dada mmoja mzaliwa wa hapo hapo, alitupeleka kwenye magofu ya kanisa la Carmo, ambalo paa lake liliporomoka katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa misani. Matao yake yameachwa yamesimama wazi, na ukiinua macho unaona mbingu mahali palipokuwa na dari. Kisha tukateremka mtaa wa chini, Baixa, uliojengwa upya chini ya usimamizi wa Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, na dada yule akatueleza jinsi kuta za nyumba zile zilivyowekewa kiunzi cha mbao kilichosukwa mfano wa kizimba, ili ardhi ikitikisika nyumba inyumbuke badala ya kuanguka. Mimi nilisomea ujenzi, na maelezo hayo peke yake yalinitosheleza safari nzima.

Nilimpa euro 15 na sikujuta. Mtu anayengoja bakshishi hujitahidi, kwa sababu anajua akikuchosha utaondoka kabla ya mwisho.

Msafiri wa Ruvu

Dada Binti Rufiji ulibahatika. Naomba niseme yaliyonipata mimi, maana katika machaguo matatu ya mleta mada naona halimo lile ambalo mawakala watamshawishi alinunue akishafika, yaani basi la siku nzima.

Nilikata tiketi ya basi kwa sababu nilidhani nitaona vingi kwa siku moja. Tulikuwa watu wasiopungua hamsini. Mwongozaji alisema kila jambo mara tatu, kwa Kihispania, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na zamu ya Kiingereza ilipofika, kile alichokuwa anakieleza kilikuwa kimekwisha kubaki nyuma yetu. Hadi saa tano asubuhi tulikuwa bado tunazunguka hoteli moja baada ya nyingine kuokota abiria. Tulipofika kwenye monasteri ya Jerónimos, iliyoko Belém, tulipewa dakika ishirini tu. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba tiketi ya kuingia kwenye ua wa ndani wa monasteri haikuwamo katika fedha niliyolipa, na foleni ya kuinunua ilikuwa imezunguka jengo chini ya jua kali. Nikaingia kanisani peke yake, ambako hakukuwa na kiingilio, nikaliona kaburi la Vasco da Gama upande wa kushoto mara tu unapoingia, mtu wa mawe amelala chali na mikono ameikutanisha kifuani.

Ndugu zangu, nilisimama pale nikiwa na maswali mengi, kwa sababu huyu ndiye aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Nilimuuliza mwongozaji kama ndani ya jengo lile kuna kitu chochote kinachotaja mwambao wetu. Akanijibu kwa adabu kwamba yeye husimulia habari za India, na ya Afrika Mashariki hayajui. Halafu akatuhimiza turudi basini kwa kuwa muda wa kununua keki za maziwa na mayai ulikuwa unatupita. Kwenye keki tulikaa dakika arobaini.

Sisemi kwamba mtu yule alikuwa mbaya. Nasema kwamba alikuwa na maneno yake ya kila siku, na mimi nililipa nikidhani nitapata majibu. Kwa hiyo, kabla ya kulipa popote, mwandikie mwongozaji mwenyewe umuulize maswali mawili matatu. Akikujibu kwa kunakili tangazo lake, mwache.

Mkazi wa Matrah

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Muscat, ambako Wareno walikaa kuanzia 1507 hadi 1650, na ngome walizoziacha nazipita kila siku nikienda kazini. Kwa ajili hiyo nilipokwenda Lisbon nilikuwa na shauku mahususi, nami nilichukua mwongozaji binafsi. Bei ilikuwa kubwa, lakini tuliigawana watu wanne wa familia moja, na kwa kila kichwa haikupishana sana na tiketi ya basi aliyoisema ndugu yetu.

Kilichonifanya niridhike ni kwamba nilimwandikia wiki tatu kabla, nikamweleza kwamba sisi ni watu wa Pwani ya Uswahilini kwa asili na tunataka kuona yanayotuhusu. Akapanga siku upya. Badala ya kuanzia Belém, alitupeleka kwanza kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, ambayo iko njiani kati ya katikati ya mji na Belém na ambayo sikuiona katika ziara za kawaida nilizozipitia.

Humo imo monstransi ya dhahabu, chombo cha Wakatoliki cha kuwekea Ekaristi, ambacho mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi iliyotozwa Kilwa. Vasco da Gama katika safari yake ya pili, mwaka 1502, alimlazimisha sultani wa Kilwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno, akarudi na dhahabu hiyo mwaka 1503. Sonara aliyeifanya kazi hiyo ni Gil Vicente, naye aliimaliza mwaka 1506. Mwaka 1505, kabla hata sonara hajamaliza, kikosi cha Mreno Francisco de Almeida kilikuwa kimekwisha kuivamia Kilwa yenyewe na kuichoma Mombasa.

Chombo kina urefu kama wa mkono wa mtu mzima. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka kioo cha katikati, kila mmoja na sura yake, na kitako kimepambwa ndege na maua kwa rangi zilizochomwa juu ya dhahabu. Mke wangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama dhahabu ile ilikuwa ya vikuku vya wanawake. Sikuwa na jibu, lakini tangu hapo kila nikiikumbuka naikumbuka na swali lake.

Mtoto wa Pwani (mleta mada)

Nawashukuru nyote, na ninaomba radhi kwa kuficha mambo bila kukusudia. Nitasafiri na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 67, ambaye amekuja kunitembelea Hamburg. Viza yake ya Schengen inaruhusu, hilo halina tatizo. Magoti yake hayapandi ngazi vizuri. Tutafika Lisbon Jumapili usiku, tutatembea Jumatatu, na Jumanne alfajiri tutaruka kurudi.

Mzee wa Matrah, maneno yako yamenishtua kidogo. Mama ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje.

Mwanamvita

Jumatatu! Hilo ndilo jambo ulilopaswa kuliandika katika mstari wa kwanza. Monasteri ya Jerónimos hufungwa Jumatatu, Mnara wa Belém nao hufungwa Jumatatu, na hayo makumbusho yenye dhahabu ya Kilwa pia hufungwa Jumatatu. Mwongozaji wa namna yoyote utakayemchukua, hata umlipe mara mbili, atakuonyesha kuta za nje. Mnara, zaidi ya hayo, ulifungwa mwaka 2025 kwa ukarabati, kwa hiyo uulizie hali yake kabla ya kuuweka katika ratiba.

Kitakachokuwa wazi Jumatatu ni ngome ya São Jorge, ambayo Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliiteka kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, pamoja na mitaa ya Alfama iliyo chini yake. Jina lenyewe Alfama ni la Kiarabu. Lakini kwa magoti ya mama yetu, Alfama kwa miguu ni adhabu.

Binti Rufiji

Nakubali kwamba kwa mama ziara ya miguu haifai, na ninaondoa ushauri wangu kwa moyo mmoja. Vijia vya mji ule vimetandikwa vipande vya chokaa vyeupe vilivyosuguliwa na nyayo za watu hadi vinang'aa, na vikipata manyunyu huteleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Nilimwona mzee mmoja akianguka mbele yangu. Mama avae viatu vyenye soli ya mpira, na mwavuli asiufanye mkongojo.

Nawasihi pia msimpandishe tramu namba 28 kwa kuwa inasifiwa. Hujaa hadi watu wanasimama mlangoni, na wachomoaji wa pochi wanaifahamu vizuri kuliko watalii.

Msafiri wa Ruvu

Basi hapo bajaji inapata nafasi yake. Inapenya mahali ambapo basi halipiti, na inasimama kwenye mabaraza ya kutazamia mji, kama lile la Portas do Sol, ambako mama atauona mto Tagus akiwa amekaa. Bei ni ya chombo kizima na huhesabiwa kwa saa, hivyo mpatane kabla hamjapanda, mkubaliane na vituo. Udhaifu wake ni kwamba baadhi ya madereva ni madereva tu.

Padri wa Zamani

Ndugu zangu, ninaomba neno moja kuhusu monstransi. Mimi ni Mkatoliki, na chombo kile kwangu ni kitakatifu kwa matumizi yake, lakini utakatifu huo haufuti namna dhahabu yake ilivyopatikana. Mwongozaji mwema atavisema vyote viwili mbele ya mama yule bila kupunguza kimoja.

Na mkifika Lisbon mtaona neno *igreja*, yaani kanisa kwa Kireno, kwenye vibao vya makanisa. Ndilo lililotupa neno gereza.

Mwanamvita

Mzee wangu, hilo la gereza nimelisikia tangu utotoni, lakini kanisa liligeukaje kuwa jela? Nadhani maelezo ya kawaida yanaruka hatua.

Padri wa Zamani

Hatua inayorukwa ni ngome, mwanangu. Wareno walikuwa na makanisa yao ndani ya ngome, neno likahamia kwenye boma lote, na baadaye maboma yakafanywa jela. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilikuwa jela ya serikali kuanzia 1895 hadi 1958. Na pale Kilwa Kisiwani ngome inayoitazama bahari inaitwa Gereza hadi leo. Mama wa mleta mada atakuwa anaijua.

Mtoto wa Pwani (mleta mada)

Anaijua, mzee wangu, na amefurahi kusikia imetajwa. Jana usiku nilimsomea uzi huu wote kwa simu akiwa kwa dada yangu.

Nimewasiliana na shirika la ndege kuuliza kama tunaweza kufika Jumamosi usiku ili tutembee Jumapili. Inawezekana, lakini nyongeza yake inakaribia gharama ya mwongozaji binafsi, na siwezi kuvilipia vyote viwili. Kwa hiyo nipo njia panda: Jumapili bila mwongozaji wa maana, au Jumatatu pamoja na mwongozaji lakini milango imefungwa.

Mkazi wa Matrah

Kaka, ikiwa ni lazima kimoja kiachwe, mimi ningemwacha mwongozaji, ingawa ndiye niliyemsifia. Jumapili mchukue teksi hadi kwenye makumbusho asubuhi, kisha Belém mchana, kwa sababu asubuhi ya Jumapili kanisa la Jerónimos huwa na misa.

Binti Rufiji

Mimi napinga. Carmo nayo hufungwa Jumapili, na bila mtu wa kueleza, mama ataona dhahabu kwenye kabati na kuipita. Wachukue Jumapili, na waajiri mwongozaji wa saa mbili tu kwa ajili ya makumbusho.

Mtoto wa Pwani (mleta mada)

Hilo la saa mbili sikuliwaza. Nimewaandikia waongozaji wawili usiku huu kuwauliza kama wanakubali muda mfupi hivyo, na bado sijajibiwa. Mama ana swali lake moja: je, mtu anaruhusiwa kukisogelea hicho chombo?

Mkazi wa Matrah

Mfikishie shikamoo yangu. Kimo ndani ya kioo, na mtu anaweza kukisogelea hadi pumzi yake ikaonekana kwenye kioo hicho. Maandishi yanayoitaja Kilwa yamezunguka ukingo wa kitako, chini kabisa, kwa hiyo asimame upande mmoja, ainame kidogo, kisha azunguke polepole.