Mahale: loji ya kifahari au mabanda ya hifadhi? Au Gombe inatosha?

Mwanaziwa: Wakuu, naomba ushauri. Wazazi wetu wa Mwanga hapa Kigoma wanatimiza miaka 40 ya ndoa Agosti, sisi watoto tunachanga wakaone sokwe. Watu wanatoka Ulaya kuja kuwaona, sisi wa Kigoma hatujawahi! Kaka kang'ang'ania Greystoke, ile loji ya ufukweni Mahale. Mimi nimeona bei nikazima simu. Mama ana goti.

Kibirizi Boy: Gombe, mjadala umekwisha. Kilomita 16 tu kutoka mjini, mtumbwi wa abiria unaupanda hapahapa Kibirizi. Jane Goodall alianzia utafiti wake wa sokwe pale 1960. Na Mtanzania kiingilio analipa kwa shilingi.

Bibi Harusi wa Ujiji: We Kibirizi Boy umesoma "Mama ana goti"? Gombe ni kupanda tu. Mimi nilishuka kwa makalio.

Mpishi Mstaafu: Nimepika kwenye loji moja ya Mahale misimu mitatu, nisikilizeni. Alfajiri wafuatiliaji wanatangulia msituni, wakiwapata sokwe wanaita kwa redio, ndipo wageni wanaanza kupanda. Wa loji na wa mabanda wanavaa barakoa zilezile, wanapewa dakika 60 zilezile. Mahale haina barabara, kwa hiyo hakuna gari la kumsogeza mtu hata awe na hela kiasi gani. Kuna mgeni alikosa sokwe siku mbili akadai arudishiwe pesa zake, tukabaki tunatazamana. Agosti afadhali, kiangazi mara nyingi wanashuka karibu na ziwa, ila usimuahidi mama. Kule loji unalipia kitanda na meza. Kuhe anatoka ziwani asubuhi, mchana yuko kwenye sahani.

Kibirizi Boy: Si ndiyo nasema! Sokwe ni walewale, mabanda yanatosha. Jua linazama upande wa Kongo bure.

Mpishi Mstaafu: Yanatosha, ila mabandani mnabeba unga, mafuta na mchele wenu kutoka mjini. Jiko lipo, mpishi ni nyie.

Mwanaziwa: Nimemsomea mama yote haya. Kasema baba apande mlima, yeye sokwe kawaona sana kwenye kalenda, anachotaka ni siku mbili asizopika. Haya, kaka kashinda. Mwenye kujua loji zinazopunguza bei kwa Watanzania anitafute pembeni, mchango bado haujafika hata nusu.