Wauza maduka Istanbul wanawanyanyua wanangu bila kuniuliza, nifanye vipi?

Mama Fuoni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri, na tafadhalini msinicheke, usingizi umenipaa kwa jambo hili.

Nafanya biashara ya nguo za watoto hapa mjini. Zamani mzigo nikiufuata Dubai, siku hizi naufuata Istanbul. Safari iliyopita nilikwenda na wanangu, wa kiume ana miaka minne na wa kike ndiyo kwanza anatembea. Jamani, Waturuki wanapenda watoto! Hujatoa salamu, muuzaji keshamnyanyua. Mashaallah, mashaallah, busu huku, busu kule, mashavu yanavutwa. Yule mdogo alichukuliwa mpaka chumba cha nyuma akaoneshwe kwa wanawake wanaokunja nguo, mimi nimebaki na glasi ya chai ya moto mkononi, sijui niiweke wapi nimfuate. Jumapili tukiwa sokoni walimmiminia kaka yake kolonya ya limau viganjani, akajipangusa nayo macho, akalia mpaka sauti ikamkauka. Bibi mmoja alimbandika binti yangu begani ile shanga ya buluu yenye jicho.

Tiketi nyengine nimeshakata. Niwazuie vipi bila ya kuwavunjia heshima? Hao hao ndio ninaochukua mzigo kwao.

Karafuu Kavu
Waalaykum salaam dada. Laleli, ule mtaa wa Istanbul wa nguo za jumla, naijua vizuri, nimeshabeba mabalo ya kutosha kule. Mapenzi yao kwa watoto ni ya kweli, hata ndani ya tramu mtu atampisha mwanao akae. Lakini dukani mapenzi yanakwenda pamoja na biashara. Muuzaji kampakata mwanao, mtoto ana kitu mdomoni, chai imeshaletwa: utatokaje hapo bila ya kununua? Mimi nilinunua majaketi ya baridi kwa mtindo huo. Majaketi ya baridi, nije kuyauza Unguja!

Yule mdogo mfunge mgongoni kwa kanga. Aliye mgongoni hachukuliwi. Wakileta lokum, zile peremende zao laini, sema "alerji", neno hilo wanalijua na mkono unarudi wenyewe. Na usione haya kulisema, maana lokum nyingi zina pistachio au njugu ndani, na mtoto wa umri huo inamkaba.

Ustadh wa Mkunazini
Mimi nitazungumzia shanga. Ukhti, iondoe. Kuitakidi kwamba kipande cha kioo kinazuia husda ni jambo zito, na hadithi iliyopokewa na Imam Ahmad kuhusu kutundika hirizi iko wazi. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwakinga Hasan na Husein kwa dua, imo katika Bukhari. Wafundishe wanao dua hiyo wasafiri nayo. Na huku kwetu vilevile, wanaowatia watoto wanja wa kipaji cha uso kwa ajili ya jicho wajitazame.

Bi Mkubwa Wete
Ustadh, wanja umeanza lini kuwa na makosa? Mama zetu wametutia na sote tumekua.

Mwanangu, mimi nakushangaa. Kwani sisi tukoje? Wajukuu zangu wanakaa Uingereza, walipokuja likizo niliwapitisha Darajani. Muuza vitambaa kamvuta mmoja shavu, muuza ndizi kampa ndizi, muuza urembo kampakata yule mdogo akawa anazungumza naye kama mtoto wake. Wajukuu wakalia, mama yao kanuna mpaka nyumbani. Nikamwambia, wewe mwenyewe umelelewa na mtaa mzima, leo unaogopa mkono wa mtu? Huko walikohamia muuza duka hamgusi mtoto wa mtu, na wanaona ndiyo adabu. Mtoto asiyeguswa na watu atawajuaje watu?

Mtoto wa Michenzani
Mie nikiingia duka la watu hata maji sipewi. Nani ana mtoto wa kuazima? Nampeleka Istanbul, lokum tunagawana.

Binti Ng'ambo
Mnacheka, lakini hebu tusome tena. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya busu na kolonya. Dada, kuna kitu umekiruka. Waliwapiga picha?

Mama Fuoni
Waliwapiga, ndiyo. Kila mtu huko anapiga picha.

Binti Ng'ambo
Picha ya simu ya mtu, au ya duka?

Mama Fuoni
Haya. Kuna duka moja Mahmutpaşa, ule mtaa wa mteremko wenye nguo za harusi na za watoto. Wanauza pia nguo wanazovaa watoto wa kiume wakati wa tohara, wenyewe wanaiita sünnet: suti nyeupe, joho lenye manyoya pembeni, kofia, fimbo ya kifalme, na utepe kifuani ulioandikwa Maşallah. Walimvisha mwanangu, akapendeza kwelikweli. Wakamrekodi anatembea, wakaweka video kwenye ukurasa wao wa Instagram. Waliniuliza, nikakubali. Wakanipunguzia bei ya mzigo wote. Ni nguo tu, hakuna zaidi.

Karafuu Kavu
Na baba yake kakubali?

Mama Fuoni
Tumeachana. Yeye alijua tuko Dar kwa dada yangu.

Video imemfikia, sijui kwa njia gani. Sasa yeye na wazee wake Pemba wanasema mtoto katahiriwa Uturuki bila ya wao kujua. Babu yake alikuwa anangoja afike umri amfanyie shughuli nyumbani. Wallahi mtoto hajaguswa. Nimewaambia wamtazame wenyewe, wanasema nawaficha kitu kikubwa zaidi.

Lakini nani anawalisha watoto hawa? Nani analipa skuli? Duka linawataka wote wawili kwa nguo za Sikukuu, na bei watakayonipa siipati kwengine kokote. Mwanangu mwenyewe anauliza lini tutarudi kwa wale wajomba.

Bi Mkubwa Wete
Ah! Basi hapo mimi najitoa. Babu wa watu kaweka mbuzi wake anangoja siku ya mjukuu, halafu anamuona kwenye simu kavishwa joho na watu asiowajua! Hata ningekuwa mimi ningepiga ukelele.

Mpitaji wa Vuga
Tuzungumze haki. Kwa fiqhi ya Kishafi, wazazi wakiachana mama ndiye mwenye hadhana ya mtoto mdogo mpaka afike umri wa kupambanua, kiasi cha miaka saba. Akiolewa na mume mwengine inamtoka. Hadhana lakini ni kulea, haimuondoi baba. Kumchukua mtoto nje ya nchi kwa kumwambia baba "tuko Dar" ndiko kunakompa hoja akienda Mahkama ya Kadhi, na kadhi atakuuliza hilo kabla ya kukuuliza video. Ipo pia Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inayotanguliza maslahi ya mtoto. Punguzo la bei ni maslahi ya nani?

Kuhusu video, Uturuki wana sheria ya taarifa binafsi, namba 6698 ya mwaka 2016. Picha ya mwanao ni taarifa yake. Waandikie waifute, uitaje sheria hiyo kwa namba.

Mzee wa Baraza
Nimesoma mwanzo mpaka mwisho na mimi siamini. Anasema Jumapili walikuwa sokoni. Kapalıçarşı, lile soko kubwa lililoezekwa, Jumapili linafungwa, kila aliyefika Istanbul anajua. Halafu video, halafu punguzo, halafu "bei siipati kwengine". Subirini kidogo mtaletewa jina la ukurasa mwende mkanunue. Hili ni tangazo, watoto wametiwa ili tuhurumie.

Mtoto wa Michenzani
Eti na babu mwenye mbuzi! Nilianza kushuku pale.

Bi Mkubwa Wete
Mbuzi nimemtaja mimi, soma vizuri.

Karafuu Kavu
Mzee, Kapalıçarşı ni kweli Jumapili imefungwa. Mısır Çarşısı, lile la viungo kule Eminönü, Jumapili liko wazi, nimeshanunua zafarani humo. Yeye kasema "sokoni", hakusema lipi.

Mama Fuoni
Ahsante kaka. Lilikuwa hilo la viungo, tulikuwa tunashuka kwenda kwenye boti. Karafuu zipo kwenye magunia mlangoni, mwanangu akanusa akasema "nyumbani kwa babu". Jina la duka la nguo sijalitaja na sitalitaja. Ningekuwa natangaza ningewaambieni habari za mume niliyeachana naye?

Mzee wa Baraza
Watu wanatangaza kwa mambo makubwa kuliko hayo.

Ustadh wa Mkunazini
Dhana nyengine ni dhambi, mzee wangu. Tumjibu kwa alichokisema, na Mungu ndiye ajuaye cha moyoni.

Binti Ng'ambo
Hata iwe kabuni, kuna mama mwengine anasoma hapa lake ni hili hili. Dada, tiketi uliyokata ni yako peke yako au na watoto?

Mama Fuoni
Na watoto. Duka nimeliandikia leo waitoe ile video ya kwanza. Wamenijibu kwa upole, wanasema wataitoa nikifika na watoto tukirekodi nyengine.

Karafuu Kavu
Unaona? Hapo mapenzi kwa watoto yamekwisha, hiyo ni rehani. Wanao wabaki, mzigo ufuate peke yako, na uchukue duka jengine. Mahmutpaşa maduka ya nguo za watoto yamepangana mlango kwa mlango.

Mpitaji wa Vuga
Na baba yao umpigie kabla hajafika kwa kadhi. Mwambie safari ya kwanza ilikuwa wapi, umpe mtoto akamuone babu yake kwa macho.

Mama Fuoni
Na akiwazuia huko huko Pemba?

Bi Mkubwa Wete
Nenda nao mwenyewe, usimtume mtu. Mkae siku mbili kwa wazee, mle nao. Mtu aliyekula nawe hawezi kukuzuilia mtoto mchana kweupe.

Mama Fuoni
Nitampigia baada ya Ijumaa. Ya kwenda Pemba nitaifikiria. Lakini tiketi za watoto sizirudishi kwanza, mpaka nisikie atakachosema.