Beringi ya ekseli ya nyuma: orijino, ya kampuni nyingine au ya mtumba?

MwendoPole: Wakuu, gari linavuma nyuma kuanzia kilomita 60 kwa saa, nikikata kushoto mvumo unazidi. Fundi kasema ni beringi ya ekseli. Dukani kuna tatu: yenye boksi la watengenezaji wa gari, ya NTN, na moja haina jina, bei chee. Ipi itadumu?

SpanaKumi: Ukikata kushoto uzito unalalia kulia, kwa hiyo anza na ya kulia. Hiyo isiyo na jina achana nayo. Watengenezaji wa magari kwa kawaida hununua beringi kwa akina NTN, NSK, Koyo na SKF. Pangusa grisi kwenye ile ya zamani, usome jina na namba, utafute hiyo hiyo. Boksi halizunguki na tairi.

MzeeGrisi: Sawa, ila feki nazo zina majina. Niliwahi kufunga "orijino", haikumaliza miezi miwili ikaanza kuimba. Kuifungua, maandishi yakafutika kwa kitambaa chenye petroli! SKF wana programu ya simu, SKF Authenticate: unawatumia picha, wanakujibu kama ni yao.

Nuru_wa_Difu: Mbona hakuna anayegusia ufungaji? Hata NSK halisi huifikishi mbali ukiigonga nyundo. Ikiingia kwenye ekseli, inasukumwa ringi ya ndani. Ikiingia kwenye nyumba yake, ringi ya nje. Ukikosea, nguvu yote inapita kwenye goroli, zinabonyeza vishimo kwenye njia yake, na gari linatoka gereji likivuma vilevile. Fundi atumie presi. Sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, nayo ibadilishwe, maana mafuta ya difu (gia za ekseli ya nyuma) yakivuja yanaosha grisi halafu yanalowesha breki.

MwendoPole: Asante dada. Kuna jamaa ana ekseli ya mtumba, beringi ikiwa juu yake. Nichukue?

SpanaKumi: Ekseli sawa, kama yako imelika sili inapokaa. Pitisha ukucha, ukinasa, imelika. Ila beringi iliyokuja nayo usiitegemee, hujui imepita maji gani. Na ile ringi ya kubania beringi kwenye ekseli ikishatolewa hairudi, weka mpya.

MzeeGrisi: Kama beringi ina ringi ya sumaku ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi kujifunga ukikanyaga breki), upande huo uelekee sensa. Na usiiweke karibu na spika, nayo ina sumaku.

MwendoPole: Tumefungua. Ni ya kulia kweli, imeandikwa Koyo. Ekseli ukucha haunasi, kwa hiyo ya jamaa naiacha.