Naomba ushauri: paka wetu hulala mahali pa kusujudia

Ndugu zangu, assalaam alaykum. Naomba ushauri wenu kuhusu paka dume tunayeishi naye hapa Tanga, ambaye kila alfajiri bibi anapotandika mswala hutangulia kujilaza pale pale bibi anapotakiwa kuweka paji la uso. Bibi akirukuu, paka humtazama. Akisujudu, hukuta manyoya, na wajukuu waliosimama nyuma yake hushindwa kujizuia, wakaangua kicheko hadi swala zao zikabatilika. Bibi mwenyewe humsogeza taratibu kwa mkono na kuendelea, kwa kuwa paka si najisi, na hataki kabisa afungiwe nje. Nampenda sana kwa huruma hiyo.

Tatizo ni kwamba magoti ya bibi yanamuuma, na juzi paka alipojipenyeza miguuni mwake wakati anainuka, nusura aanguke. Tulijaribu kumfungia jikoni, akalia na kukwaruza mlango mpaka majirani wakaamka. Ninafahamu kwamba paka kwa asili huchangamka zaidi alfajiri na magharibi, hivyo simlaumu.

Je, nikimchezesha usiku na kumpa dagaa baada ya isha, atatulia alfajiri? Au chakula chake cha asubuhi kisubiri hadi swala iishe, ili asizoee kumfuata bibi kwa njaa? Na aliyewahi kumzoesha paka kulala kwenye mkeka wake mwenyewe, alianzaje bila kumpiga wala kumtisha?