Ushauri: wafanyakazi hawaachi kazi, ila mioyo imeshaondoka

Mleta mada: Wakuu mliobobea kwenye utumishi, naomba ushauri. Kuna kitengo ambacho msimamizi anajitwalia sifa za kazi za walio chini yake, zamu nzuri anawapa watu wake, na anawasainisha watu saa ambazo hawakufanya. Walioacha kazi ni wachache, hivyo uongozi wa juu unasema watu wameridhika. Ni kweli? Tuanzie wapi?

Mchangiaji 1: Mkuu, kubaki si kupenda. Watafiti Meyer na Allen mwaka 1991 walitenganisha vifungo vitatu vinavyomfunga mtu na kazi yake: mapenzi kwa taasisi, hesabu ya hasara ukiondoka, na kuona una deni la wema. Bosi asiye mwadilifu huanza kukata mapenzi, maana kwa mfanyakazi wa chini bosi wake ndiye sura ya taasisi. Deni la wema nalo hufuata, kwani aliyedhulumiwa haoni anadaiwa nini. Kinachobaki ni hesabu: mkopo, ada za watoto, kiinua mgongo. Wenye ujuzi unaotafutwa ndio watakaotangulia kuondoka, na hapo mtakuwa mmechelewa.

Kuona kama mapenzi yameondoka, tazameni vikao. Kosa linaonekana mezani, kila mtu ameinamia daftari lake, hakuna anayelitaja. Mgeni akiajiriwa, hapati wa kumfundisha.

Mchangiaji 2: Naongezea kuhusu kupima. Pimeni kitengo kwa kitengo, wastani wa taasisi nzima utawaficha ukweli. Swali moja linatosha kuanzia, kwa alama 1 hadi 5: "Ningepata kazi kwingine kwa mshahara huu huu, ningebaki hapa." Fomu zisipitie kwa msimamizi huyo, na kundi lenye watu chini ya 5 msitoe matokeo yake peke yake; watatambulika, na mwakani hakuna atakayejibu kwa ukweli.

Mchangiaji 3: Tafadhali msikimbilie posho. Itakaza kamba ya hesabu tu, mapenzi hayarudi. Anzeni na hizo saa za uongo, kwa sababu zina ushahidi: linganisheni daftari la mahudhurio na kazi iliyokabidhiwa siku hiyo. Zamu zipangwe kwa mzunguko na zibandikwe ukutani. Atakayetoa taarifa, tathmini yake ya mwaka ifanywe na mtu mwingine.

Mleta mada: Asanteni sana. Na wakiamua kumhamishia kitengo kingine?

Mchangiaji 3: Bila uchunguzi wala adhabu? Hapana. Hapo mnawafundisha wa kule anakokwenda kwamba dhuluma haiadhibiwi, na wa huku wataelewa kwamba taasisi ilijua muda wote.